Sauti Niliyoisafisha

Kosa langu la kwanza katika kazi ya redio lilikuwa kuisafisha sauti ya mtu aliyetaka ibaki chafu. Hakuna aliyenituma. Mtangazaji aliniambia tu nikate kipande cha kipindi cha asubuhi, nikiweke kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, kisha niende nyumbani. Mimi nikakaa nacho mchana kutwa.

Lazima nieleze mimi ni mtu wa aina gani, maana bila hilo kosa lenyewe halieleweki. Sikusomea sauti popote. Nilijifunza kwa video za mtandaoni nikiwa nimelala kifudifudi kwenye godoro, katika chumba cha kupanga mtaani Iftin, simu imechomekwa ukutani kwa sababu betri yake ilishakufa. Mtu aliyejifunza mwenyewe ana hofu moja isiyomwacha: kwamba siku yoyote atatokea aliyesoma kweli, asikilize kazi yake, na acheke. Kwa hiyo narudia. Nikisikia mtangazaji amemeza mate kati ya maneno, nayaondoa yale mate. Nikisikia pikipiki kwa mbali, naifuata mpaka naimaliza. Nimewahi kurudi kazini nikiwa nimeshafika mlangoni kwangu, kwa ajili ya mlio wa kiti ambao hakuna mwingine aliyeusikia. Wenzangu waliniita fundi. Mimi nilijua siyo ufundi, ni woga.

Redio yetu ilikuwa ndogo, chumba na nusu juu ya duka la magodoro, na kuta za studio tulizipiga sifongo tuliyoinunua hapo chini. Mimi ni mtu wa daun Kenya, kama Wasomali wa hapa wanavyotuita sisi wenye asili ya kwingine Kenya, ingawa nilizaliwa hapa hapa Garissa. Mama alihamishiwa huku kufundisha na hakuondoka tena. Kisomali changu ni cha mtaani. Kanisa letu ni lile la watumishi wa serikali, ambalo kila mwaka nusu ya waumini huhamishwa.

Wiki hiyo mji mzima ulikuwa na mada moja. Mahakama ya Juu kule Nairobi ilikuwa imesema kwamba mashoga nao wana haki ya kusajili chama chao. Uamuzi haukumfungisha mtu ndoa, lakini hapa kwetu, kuanzia vibanda vya chai hadi foleni ya benki, watu walizungumza ndoa tu: nani atavaa shela, nani atampikia nani. Mtangazaji wetu alilinusa hilo kama fisi anavyonusa mzoga. Akaalika sheikh mmoja na mchungaji mmoja, akawaketisha meza moja, akafungua simu.

Sheikh alizungumza polepole. Alisema jambo hili lilishaamuliwa kabla ya mahakama yoyote kujengwa, na mwanadamu hana kura hapo. Mchungaji, ambaye alihubiri katika kanisa letu, alikuwa na moto zaidi. Alipiga meza mpaka sindano ya kipimo cha sauti ikaruka kwenye nyekundu, nikaishusha sauti yake. Alisema ni pesa za wazungu, zitaingia kwenye vitabu vya watoto, kisha zitaingia madhabahuni. Mimi nyuma ya kioo nilikuwa naitikia kwa kichwa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa mtu mwema aliyenyamaza; nilikuwa mmoja wao, na wasiwasi wangu pekee asubuhi hiyo ulikuwa ile sindano.

Ujumbe wa wasikilizaji ulimiminika na mtangazaji akausoma kama ulivyokuja. Mmoja alitaka wachomwe. Mwingine akasema kuni ni ghali siku hizi, wapelekwe nyika ya Hadado wakachunge ngamia wa watu mpaka akili irudi. Mwanamke mmoja aliuliza kwa nini redio inawapa nafasi kabisa, hata ya kutukanwa. Mtangazaji alicheka, akawageukia wageni wake.

"Kila mara nikiwaalika mnabishana," alisema. "Leo mmekubaliana neno kwa neno. Nitafute mashahidi tuwafungishe?"

Mchungaji alicheka. Sheikh hakucheka.

Ndipo ikaingia ile simu. Ilikuwa mbaya kuliko zote tulizopokea wiki hiyo. Kulikuwa na upepo, kulikuwa na lori lililowashwa likaachwa linguruma, kulikuwa na mbuzi, na katikati ya hayo yote sauti ya mwanamume iliyotoka kama ndani ya gunia. Kwa kawaida ningeikata. Mtangazaji aliniashiria niiache, nadhani kwa sababu ilimchekesha.

"Mimi iko na ndugu mdogo," ile sauti ikasema. "Iko nje, nchi ya baridi. Yeye ameoa mwanamume. Ama ameolewa, sijui vile wanasema."

Feni ya studio iliendelea na mlio wake. Mtangazaji ndiye aliyeamka kwanza.

"Sasa mzee wangu, mahari alitoa nani?"

Mchungaji akaangua kicheko, na mimi nikacheka naye. Nilicheka kwa sauti, peke yangu kwenye chumba cha mitambo.

"Hiyo sijauliza," ile sauti ikasema. "Mimi nauliza kama amekula."

Mtangazaji akambana: kwa hiyo anaunga mkono? Akasema hapana, ni haramu, na alimwambia ndugu yake hivyo hivyo, kwa neno hilo hilo. Lakini ndugu huyo humpigia kila Ijumaa na yeye hupokea. "Nyinyi mnasema hao watu, hao watu," alisema. "Mimi nasikia jina ya ndugu yangu." Mtangazaji alipitisha kidole shingoni mwake, na mimi nikakata.

Mchungaji alisema wazee kama huyo ndio mlango ambao uchafu unaingilia. Sheikh alisema mtu ameshatamka kwamba ni haramu, mwacheni. Tukaenda kwenye matangazo ya biashara.

Mchana nilibaki peke yangu na kile kipande. Sikukichagua kwa sababu ya maneno yake. Nilikichagua kwa sababu kilikuwa kichafu, na uchafu ule ulinitia changamoto. Niliondoa upepo kwanza, kwa awamu, maana ukiuondoa wote kwa pamoja sauti hubaki kama ya mtu aliyezama majini. Kisha lori. Kisha mbuzi, mmoja mmoja. Kulikuwa na kitu kingine kizito kilichofunika sauti yenyewe, kama kitambaa, na nilicheza na viwango mpaka nacho kikainuka. Nilipofumba macho nilimsikia mtu yule kana kwamba ameketi mbele yangu, pamoja na mkwaruzo mdogo kooni na jinsi alivyovuta pumzi kabla ya neno ndugu. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia kwenye kazi ile. Nikakiweka kwenye ukurasa na maneno mawili: Sikiliza mwenyewe.

Huku kwetu watu hawaandikiani sana. Wanatumiana sauti. Kila ukoo una kundi lake kwenye simu, na makundi hayo yamejaa sauti kuanzia alfajiri, mtu akiulizia mvua, mwingine akitangaza msiba, mwingine akibishana na binamu aliye Ulaya. Masikio yao yamezoea. Kabla ya Magharibi kipande changu kilikuwa kimefika kwenye makundi hayo, na mtu mmoja alikuwa ameshajibu kwa sauti, akicheka: si huyu ni dalali wetu wa ngamia? Akamwigiza anavyoita wanunuzi sokoni. Baada ya hapo hapakuwa na siri.

Alikuwa dalali wa mifugo. Sauti yake ndiyo iliyokuwa kazi yake. Watu waliijua kutoka upande wa pili wa soko. Ndiyo maana siku ile alienda kusimama nyuma ya lori, akaifunika simu.

Nilikwenda kumtafuta siku ya soko. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi na kuyafanyia mazoezi njiani, mpaka nikajua ni wapi nitanyamaza kidogo. Nilimkuta akiuza ngamia wawili wa kiume. Wasiojua soko letu huona ajabu: muuzaji na mnunuzi hupeana mikono, dalali hutupia kitambaa juu, na bei husemwa kwa vidole humo ndani, kwa kubana na kukunja, wakati midomo inazungumza mambo mengine kabisa, afya ya watoto, hali ya malisho. Waliosimama kando hawaambulii kitu. Alikuwa na kitambaa cha kijani chenye mistari, na nilipokiona nilielewa ni nini kile kitu kizito nilichokitoa kwenye sauti yake.

Biashara haikufika mwisho. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea ua alipaza sauti kwa Kiswahili, ili hata wanunuzi kutoka daun Kenya wasikie.

"Dalali, hao ndume wawili unauza mmoja mmoja, ama washafunga ndoa?"

Ua mzima ulicheka. Mnunuzi alichomoa mkono wake chini ya kitambaa, akasema atarudi. Dalali alikikunja kitambaa chake taratibu, akakiweka begani.

"Adeer," nilimwita, kama vijana wa hapa wanavyomwita mtu wa umri wa ndugu wa baba. Nikamwambia mimi ndiye niliyeisafisha ile sauti. Maneno yangu mengine yote yakapotea.

"Nani alikwambia utoe upepo?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Mimi nilisimama kwa upepo makusudi."

Nilisema samahani, mara nyingi kuliko inavyofaa, na kila niliposema niliona inamchosha. Alinieleza mambo mengine tukiwa tumesimama pale kwenye jua, si kwa sababu alinisamehe, nadhani ni kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweleza siku hiyo. Ndugu yake alipomwambia habari ya ile ndoa, walilia wote wawili kwenye simu. Alimwambia ni dhambi. Ndugu akauliza kama ngamia wa marehemu mama yao ameshazaa. "Sasa nimjibu nini?" dalali aliniuliza. "Nimwambie ngamia si yako?"

Nitakiri na hili: nilipokuwa narudi mjini nilimkasirikia. Nilijiuliza kwa nini alipiga simu. Nani alimlazimisha? Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mjinga tu aliyejianika mwenyewe. Niliishikilia hasira hiyo mpaka binti yake aliponipigia.

Alipiga simu ya redio, akauliza kama mimi ndiye fundi. Hakunisalimu. Alikuwa ameposwa, harusi ilikuwa imepangwa baada ya Idi, na jamaa wa mchumba wake walikuwa wamesimamisha kila kitu. Hawakuvunja. Walisema wao si watu wabaya, ila hawawezi kuchanganya damu na nyumba yenye jambo kama lile, isipokuwa baba atoke hadharani, kwenye redio ile ile alikosemea, aseme kwamba mtu yule si ndugu yake tena. Alitaka kitu kimoja kutoka kwangu: baba yake arekodiwe, asirushwe moja kwa moja, na mtangazaji wetu asimwulize swali hata moja.

"Asichekwe tena," alisema. "Aseme, atoke."

Nilimwambia nitahakikisha. Kisha, kwa upumbavu wangu, nikamwuliza yeye mwenyewe anaonaje.

"Mimi namchukia huyo adeer yangu," alisema. "Yeye amechagua maisha yake huko, sawa, akae nayo. Kwa nini kila Ijumaa alete hapa? Baba anasema ni damu. Na mimi je, mimi ni maji?"

Nilimpenda kwa kusema hivyo, kwa namna mtu anavyompenda yeyote anayemchukia mtu mwingine badala ya kumchukia yeye.

Walikuja asubuhi ya Alhamisi. Dalali alivaa kanzu safi na kofia. Pamoja naye alikuwa ami wa mchumba, mzee mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina, ambaye hakuketi mpaka alipofuta kiti kwa leso. Sheikh aliyekuwa kwenye kipindi alikuja pia, kwa kuwa pande zote mbili zilimheshimu. Mtangazaji nilimweka nje ya kioo. Alisimama huko akitabasamu, simu mkononi, kama mtu anayesubiri chakula.

Kabla sijawasha chochote sheikh alizungumza, na nilishangaa, maana kwenye kipindi neno lake la upole lilikuwa lile moja tu, mwacheni. Alimwambia yule ami kwamba dini inadai kitendo kikataliwe, na mtu huyu amekikataa mara ngapi sasa. Kukata udugu ni jambo jingine. Dhambi ya mtu haimtoi kwenye tumbo alilotoka.

"Sheikh, hiyo ni ya kitabuni na tunaiheshimu," ami alijibu. "Lakini mimi naongea juu ya watu watakaokuja kula pilau yetu na kunong'ona. Hao hawajasoma."

Sheikh alimtazama dalali, akitaka aseme kitu. Dalali alisema tuanze.

Niliweka maikrofoni mbele yake. Niliisogeza, nikairudisha. Nikamwashiria. Alisoma bismillahi, akataja jina lake na la baba yake, akasema ndoa ya mwanamume na mwanamume ni haramu na hajawahi kuiita jina jingine. Ami hakuondoa macho kwake. Kisha dalali akainamisha kichwa karibu na maikrofoni, akasema kwamba kuanzia leo mtu yule si ndugu yake, na yeye si ndugu wa mtu yule.

Ilikuwa imekwisha. Lakini mimi nilikuwa na hedifoni masikioni, na juu ya sentensi ile ya mwisho nilisikia feni. Ilikuwa na mlio wake wa kila siku, kik, kik, na kik moja ilikuwa imeangukia juu ya neno ndugu. Kinywa changu kilifunguka kabla ya akili yangu.

"Samahani adeer, mara moja tena tu. Feni imeingia."

Sheikh alifunika uso kwa kiganja. Dalali aliniangalia, na hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu aliyetoka sokoni jioni akiwa amepiga kelele siku nzima.

"Maneno yangu yamesikika?" aliuliza.

"Yamesikika, lakini..."

"Mara moja nimesema, ilikuwa ya binti yangu. Ya pili itakuwa ya kwako."

Akainuka. Ami naye akainuka, akasema inatosha, tumesikia, akampa dalali mkono, na dalali akaupokea. Walitoka pamoja wakishuka ngazi zile nyembamba za duka la magodoro, na kwa mlio wa viatu vyao ungedhani ni watu wawili waliotoka kukubaliana bei.

Mtangazaji aliingia, akataka kusikia. Aliposikia feni alinitaka niisafishe. Nilikataa, mara yangu ya kwanza kukataa kazi ya namna hiyo, na nilijivunia kukataa huko kwa muda wa saa chache. Tulirusha Ijumaa baada ya swala, na feni yake ndani. Nilisikiliza nikiwa nimekunja ngumi. Feni ilisikika, na maneno yalisikika. Hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika kuhusu feni.

Yaliyofuata sikuyaona, niliyasikia. Makundi ya simu yaligawanyika. Wengine walisema dalali ni mwanamume kweli, amechagua dini na heshima. Wengine wakasema mtu anayemwuza ndugu yake kwa karamu atashindwa kumwuza nani. Wengi wa hawa wa pili, nilitambua, ni wale wale waliomcheka wiki iliyotangulia. Kanisani mchungaji alimtaja kama mfano wa Mwislamu aliyesimama imara kuliko Wakristo wengi, na waumini wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mama yangu, aliyeketi kando, alinikanyaga mguu, akitaka nipige, kisha nyumbani akaniuliza kama na mimi nimeanza kupotea. Nilimwambia sijapotea, nimechoka. Akasema ndivyo inavyoanza.

Harusi ilifanyika baada ya Idi kama ilivyopangwa. Nilijua kwa sababu magari yalipita barabara yetu yakipiga honi, na nilisimama dirishani mpaka la mwisho likapita. Ijumaa iliyofuata nilipata ujumbe kutoka nambari ya yule binti, wa sauti. Alizungumza chinichini, nadhani alikuwa nyumbani kwa mume wake na hakutaka kusikika. Alikuwa amekwenda kumtembelea baba yake na kumkuta ameketi kwenye mkeka, simu mbele yake, tangu walipotoka msikitini. Mama yake alimwambia kwamba hufanya hivyo kila Ijumaa tangu ile rekodi iruke. Simu haikulia. Mtu fulani alishamtumia ndugu yake ile rekodi siku ile ile ya kwanza.

"Unaweza kuifuta?" aliuliza. "Mimi bado namchukia. Lakini ifute."

Niliifuta kwenye ukurasa wetu dakika hiyo hiyo, pamoja na kile kipande cha kwanza. Nilimjibu kwamba kwenye simu za watu mimi sina mkono. Alisikiliza jibu langu, alama zikaonyesha amelisikiliza, na hakunitafuta tena.

Niliacha kazi ile kabla ya mwaka kwisha. Sasa niko kambini Ifo, narekodi mafunzo ya afya na habari za maji kwa ajili ya wakimbizi. Mtu akizungumza kwenye maikrofoni yangu namsikilizisha alichosema kabla hakijatoka, na akikataa nafuta mbele yake, hata kama ni kazi nzuri. Kuhusu ndoa yenyewe bado naamini nilivyolelewa kuamini, lakini siketi tena meza moja na watu wanaotaka wengine wauawe kwa ajili ya imani hiyo, na kanisa lile nimelihama. Dalali bado yuko sokoni na biashara yake imerudi. Tukikutana hanisalimu. Ndugu yake hajapiga tena.